Jaketi la sita

Leo mtumbwi wetu umepasishwa na umezuiwa, na aliyefanya yote mawili ni mtu mmoja. Nisaidieni kuhukumu.

Halmashauri imeamua: mtumbwi wa kutembeza wageni ziwani ukibeba watu sita, uwe na majaketi okozi sita. Likipungua moja, hautoki.

Haya. Asubuhi afisa kaja na pikipiki kutoka mjini, shati la mikono mifupi. Julai hii, na baridi hii ya Tukuyu.

Akahesabu majaketi. Matano.

La sita alikuwa nalo mke wangu, anachumia chai. Nikamwita, akaja kalivaa.

Afisa akawaka. "Mama, hiki ni kifaa cha uokozi, siyo nguo ya baridi!"

"Nisamehe baba. Ila linashinda sweta."

Akalivua. Tukapewa cheti.

Ndipo ikashuka mvua, ile yetu isiyobisha hodi. Afisa akatetemeka mpaka kalamu ikamdondoka. Mke wangu, mtu wa kanisa, akamvalisha lile lile jaketi.

"Ndaga fijo, mama," akashukuru kwa Kinyakyusa chake chote, akapanda pikipiki, akaondoka nalo.

Saa nane wakafika wageni, wanakwaya watano kutoka Ibighi. Na mimi mpiga kasia, sita. Nikampigia afisa simu.

"Ninalo hapa mjini, Makandana. Nitalileta Jumatatu."

"Na wageni wangu?"

"Hapo yapo mangapi?"

"Matano."

"Basi mtumbwi usitoke. Sheria ni sheria."

Mke wangu akaomba simu.

"Baba, lakini si lina joto?"

Afisa akashusha sauti.

"Linashinda sweta, mama."