Gari la Mwaka Mmoja

Wateja wake walimwita Mama Inchi, na hakuchukia. Kwa miaka thelathini na miwili alishona suruali za wanaume katika chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wenzake waliiona ni hasara tupu. Kwenye mshono wa nyuma, pale kiunoni, aliacha inchi mbili za kitambaa ndani, akazikunja na kuzipiga pasi. Wenzake walimcheka kwamba anagawa kitambaa cha bure. Yeye aliwajibu kwamba mwili wa mtu haukai mahali pamoja, na hataki mteja apone ugonjwa halafu akute nguo yake imeshakatwa.

Mumewe waliyemwita Breki alikuwa dereva wa ofisi. Aliendesha wakubwa wanne, mmoja baada ya mwingine, na katika kazi hiyo yote hakugonga hata kuku. Alijua gari kama mkewe alivyojua kitambaa. Jambo la ajabu, ambalo majirani walilifanyia mzaha mpaka wakachoka, ni kwamba gari la kwake mwenyewe hakuwahi kuwa nalo. Jioni alikabidhi funguo kwa mlinzi wa getini, akarudi nyumbani kwa miguu, mikono nyuma.

Mwaka aliostaafu, figo zake zilistaafu pia. Utani huo ni wake, si wangu, na aliurudia kwa kila muuguzi mpaka mkewe akamkataza. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alitakiwa kulala kwa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu, katika hospitali iliyoko upande wa pili wa mji. Akitoka hapo miguu inakuwa haina nguvu na kichwa kinazunguka. Siku moja alianguka kituo cha basi, watu wakamdhania mlevi, yeye ambaye pombe alikuwa akiisikia harufu tu. Teksi nazo zilikuwa zikimaliza pesa ya unga. Gari lilihitajika, na halikuwa la anasa.

Yeye fundi alikuwa na hofu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Katika mwaka ule mmoja alikuwa amezipunguza suruali za mumewe mara tatu. Daktari alisoma karatasi za maabara, yeye alisoma futikamba, na futikamba haikumbembeleza.

Jumapili moja alasiri shemeji yake, mdogo wake Breki, akaja na karatasi. Shemeji huyu alikuwa mtunza stoo, na mtu akimwuliza saa ngapi yeye humpigia hesabu ya siku nzima. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasogeza mkasi pembeni, akatandaza karatasi juu ya meza ya kukatia.

"Njia ziko tatu," alisema. "Ya kwanza, taslimu. Kiinua mgongo cha kaka chote kinaondoka, hakibaki hata cha soda, lakini gari ni lenu mpaka lizeeke hapo nje. Ya pili, mkopo wa benki. Miaka minne, kila mwezi marejesho. Ya tatu, mnakodi kwa mwaka mzima. Bima yao, matengenezo yao, ninyi ni mafuta tu."

"Wewe ungefanya nini?" Mama Inchi alimwuliza.

"Mimi? Taslimu. Nalala usingizi wangu." Akagonga karatasi kwa kalamu. "Kukodi ni kwa mwenye shida ya muda mfupi, shemeji. Mwaka mmoja, sawa, unatoka na faida. Ukikodi miaka minne, umewanunulia watu gari lao na bado unalirudisha."

Breki alikuwa ameegemea ukuta karibu na dirisha, macho kayafumba. Wote walidhani amesinzia.

"Kodi," alisema bila kufumbua macho. "Mwaka mmoja."

"Kaka, hujanielewa. Nimesema kukodi ni kwa mtu ambaye..."

"Nimekuelewa vizuri sana. Ndiyo maana nikasema mwaka mmoja."

Shemeji akainamia karatasi yake, akaanza kupigia mstari kitu kilichokuwa na mstari tayari. Mama Inchi alimgeukia mumewe. Mwanamume huyu, aliyeishi naye tangu wote wawili hawana mvi, alikuwa amekadiria maisha yake kama mtu anayekadiria mafuta ya safari.

"Mwaka mmoja ndio ulionipangia?" alimwuliza.

"Sijakupangia kitu, Fundi. Nakupunguzia mzigo." Alimwita Fundi siku zote, hata siku ya harusi. "Nikikuachia deni la miaka minne, utalilipa kwa kushona mpaka upofuke. Nikimaliza kiinua mgongo, utakula nini? Na gari lenyewe hujui hata kulirudisha nyuma."

"Nani kakwambia unaniachia?"

Shemeji alikumbuka ghafla kwamba ana mtu anamngojea, akaaga, akasahau kalamu yake.

Kesho yake Mama Inchi alifunga duka mapema, akapiga moyo konde, akaenda benki. Ofisa aliyemhudumia alikuwa binti mwenye sauti ya upole, rika la watoto wake ambao walikuwa mbali kikazi. Alimwuliza gari ni la biashara au la nyumbani, na litatumiwa na nani. Fundi akamweleza yote, mashine, kituo cha basi, siku tatu za wiki. Binti akaandika, kisha akasita.

"Mama, tuweke miaka minne kweli? Au tuifupishe, kwa hali ilivyo?"

"Minne!" Alisema kwa sauti iliyowageuza watu wawili waliokuwa kwenye foleni. Akaona haya, akashusha sauti. "Weka minne, mwanangu."

Aliondoka na fomu ambayo ilihitaji pia sahihi ya mume. Kwa kweli hakuwa amepiga hesabu yoyote. Alitaka tu karatasi yenye mhuri inayosema kwamba mumewe atahitaji kupelekwa hospitali kwa miaka minne.

Breki aliisoma fomu ile mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akisoma kitabu cha safari kabla ya kuwasha gari. Alipomaliza aliirudisha kwenye bahasha, hakusaini. Alivua suruali yake ya kijivu, ile ya kuendea hospitali, akampa mkewe.

"Imeshalegea tena. Ipunguze," alisema. "Na safari hii hicho kitambaa cha ndani kikate. Kinanichoma mgongoni nikilala pale kwenye mashine."

Alisema kwa utulivu, bila ubaya wowote, na huo utulivu ndio uliomuumiza mkewe. Alikaa kwenye cherehani, akaigeuza suruali nje ndani, akafumua mshono. Mwanzoni aliacha inchi mbili. Sasa, baada ya kupunguza mara tatu, kulikuwa na fungu zima la kitambaa limelala ndani ya kiuno, zaidi ya kiganja. Alishika mkasi. Aliuweka. Aliushika tena. Alilia kidogo, si sana, maana mteja aliingia kuulizia koti lake na ikabidi ajifute kwa upindo wa gauni na kumdanganya kwamba ni vumbi la kitambaa.

Mteja alipoondoka akakata kipande cha pamba laini, akakifunika nacho kile kitambaa chote cha ndani, akakishonea kwa mkono, mishono midogo midogo, kisha akakipiga pasi mpaka kikalala kabisa. Halafu akampelekea mwenyewe.

Breki alipitisha kidole ndani ya kiuno. Vidole vya dereva husikia kitu kidogo.

"Nilisema ukate."

"Nilisikia."

"Fundi..."

"Hakitakuchoma tena. Sasa nisikilize." Alisimama mbele yake na futikamba shingoni. "Mwaka wako mmoja nimeukubali. Fomu ya benki nitairudisha. Lakini kitambaa changu usikiguse. Wewe shika mwaka wako, mimi nishike kitambaa changu."

Breki akacheka kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi. "Basi na ujifunze kuendesha," alisema. "Mimi nikitoka kwenye mashine siaminiki."

Wakakodi. Karani wa kampuni ya magari aliwasomea mkataba kipengele kwa kipengele. Wakivunja kabla ya muda, faini ni kodi ya miezi mitatu. Mwaka ukiisha, wanaweza kuendelea mwezi kwa mwezi bila faini yoyote, au kusaini upya. Breki alilizunguka gari, akabonyeza matairi, akainama kusikiliza injini, akamwambia karani mkanda wa feni umechoka. Ulikuwa umechoka kweli, na walibadilishiwa siku hiyo hiyo.

Miezi ya mwanzo shemeji ndiye aliyewapeleka, huku akiwahesabia mafuta njia nzima. Jioni za Jumamosi, kwenye kiwanja cha nyuma ya maghala, Breki alimfundisha mkewe. Alikaa kiti cha abiria, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki ambayo haikuwepo. Alimfokea kuhusu vioo, akamfokea kuhusu klachi, na kwenye kurudi nyuma alimfokea mpaka ikabidi wote wawili wanyamaze na kunywa maji. Fundi alipata leseni katika jaribio la tatu, akiwa na miaka hamsini na minane. Tangu siku hiyo alimpeleka mwenyewe, akamngojea kwenye benchi la koridoni na nguo za wateja mapajani, akitia vifungo. Wauguzi watatu wakawa wateja wake.

Mwezi wa nane wa mkataba, siku ya kufua, aliona kwamba mkanda wa mumewe umelegezwa tundu moja. Alichukua ile suruali ya kijivu, akafumua, akaiachia nusu inchi kutoka ndani, akashona. Ijumaa Breki aliivaa, akafunga kifungo, akatulia kidogo mbele ya kioo kilichopasuka. Njiani alipiga mluzi.

Mwaka ukaisha. Walikwenda wote wawili kwa yule karani, Breki na fimbo yake, mkewe na funguo. Karani alifurahi kuwaona, na furaha yake ilikuwa na mshangao ndani ambao hakuweza kuuficha.

"Sasa ninyi nawashauri mwezi kwa mwezi," alisema. "Hakuna faini, hakuna usumbufu. Ikitokea... yaani, siku mkiamua tu, mnaleta gari, tunaagana."

Ulikuwa ushauri mzuri. Shemeji naye alikuwa ameshawashauri hivyo hivyo na karatasi mkononi. Mama Inchi alikuwa tayari kuitikia.

"Nipe kalamu," Breki alisema. "Andika miwili."

"Miezi miwili, mzee?"

"Miaka."

Mama Inchi aligeuka akaanza kuangalia ubao wa funguo ukutani, akazihesabu, akakosea, akaanza upya. Nyuma yake alisikia kalamu ikipita taratibu juu ya karatasi. Walipofika garini hakuwasha injini mara moja.

"Faini unaijua?" alimwuliza.

"Naijua. Washa gari, tunachelewa."

Nisiwazungushe. Breki aliishi miezi minne mingine. Alifariki Alhamisi, siku isiyo ya mashine, kwenye kiti chake karibu na dirisha la duka, mkewe akiwa anapinda suruali ya mtu. Cherehani ilikuwa inalia, kwa hiyo hakusikia kitu. Alipogeuka kumwuliza kama anataka chai, alikuwa ameshakwenda.

Wiki chache baadaye Mama Inchi alilipeleka gari peke yake. Uwanja wa kampuni ulikuwa umejaa, na nafasi iliyobaki ilikuwa finyu, katikati ya magari mawili. Alitazama vioo vyote vitatu kwa mpangilio aliofokewa, akaliingiza kinyumenyume kwa mara moja tu, akazima.

Karani alimpa pole akiwa amesimama. Kisha akakaa, akafungua faili, akaona tarehe, na uso ukamshuka.

"Mama, naona aibu hata kusema. Mkataba umevunjika kabla ya muda. Lakini naweza kuongea na bosi, akapunguza."

Mwanamke huyu alikuwa akibishania bei ya vifungo kwa nusu saa, na wauza nyuzi walimwogopa. Alifungua pochi, akatoa kodi ya miezi mitatu, akaiweka mezani yote.

"Usiongee na mtu," alisema.

Karani akahesabu kwa masikitiko. "Mngekwenda mwezi kwa mwezi, mama, hii msingelipa."

"Najua, mwanangu. Niandikie risiti."

Aliandikiwa. Aliisoma pale pale mlangoni: faini ya kuvunja mkataba wa miaka miwili. Akayasoma tena yale maneno mawili ya mwisho, akaikunja vizuri kwa kucha kama upindo, akaitia kwenye pochi. Funguo akaziacha juu ya meza ya karani. Halafu akatoka getini, akarudi nyumbani kwa miguu, mikono nyuma.