Asubuhi Niliyowanywesha Wageni Maziwa ya Ngamia

Mashindano ya mpira ya vijana huja Isiolo kila mwaka, na timu hutoka mpaka Ethiopia, Uganda na Tanzania. Wachezaji hawalali hotelini. Wanagawiwa majumbani, wawili wawili. Mwaka ambao mdogo wangu alichaguliwa kuwa golikipa wa timu yetu ya wasichana, nilienda kwa kamati kuomba wageni.

Mwenyekiti, mama mmoja mwalimu mstaafu kutoka Meru, aliniangalia juu ya miwani.

"Nyumba yako haina mtu mzima."

"Si mimi hapa, mwalimu."

"Wewe ni dada mkubwa. Mtu mzima ni mama au baba."

Nikamwambia wote wawili tuliwazika, na tangu niache shule darasa la saba, wadogo zangu wawili hawajalala njaa hata siku moja. Akaguna. "Haya. Lakini nikisikia lolote, nawahamisha."

Nililetewa wasichana wawili wa Uganda: mshambuliaji wa jezi namba tisa, aliyelazimika kuinama mlangoni, na beki aliyecheka kila kitu, hata jogoo wetu. Waliniita nyabo, jina la heshima kwao kwa mama wa watu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Kila waliponiita hivyo nilitamani mwalimu awe dirishani anasikia.

Mechi yao ya kwanza ilikuwa dhidi yetu. Mimi nauza maziwa ya ngamia sokoni. Yanaletwa kila asubuhi kwa gari kutoka Kulamawe. Muuzaji yeyote hapa anajua kwamba mgeni wa maziwa haya huanzishwa kwa nusu kikombe, tena akiwa ameshiba, maana tumbo lisiloyazoea hufunguka. Nimewaambia wateja hivyo mara nyingi mpaka wananiigiza. Lakini asubuhi ya mechi furaha ilinipanda kichwani. Nilijaza vikombe viwili vikubwa, nikaona wanapenda, nikaongeza.

"Nyabo, yananukia moshi," alisema beki.

"Tunafukiza mitungi. Kunyweni, yanaongeza mbio."

Kweli yaliongeza.

Kipindi cha pili, bila kwa bila, namba tisa alisimama katikati ya uwanja, akashika tumbo, akamwambia refa neno moja, akachomoka kuelekea vyoo vya nyuma ya jukwaa. Haikupita dakika, beki naye akamfuata.

"Hao wanakimbilia Moyale!" mtu akapaza sauti, na jukwaa zima likaangua kicheko. Muuza maziwa mwenzangu, aliyekaa mbele yangu, aligeuka polepole.

"Umewapa vikombe vingapi?"

"Viwili viwili."

"Wallahi, wewe."

Namba tisa alirudi akiwa anajifunga kamba ya kaptura. Refa akampungia mkono aingie. Mpira ukamjia pale pale, na kwa kuwa wasichana wetu walikuwa wamemsahau, hakuna aliyemkaba. Akaupiga. Bao. Niliruka juu nikishangilia kwa mikono yote miwili, na nilikuwa bado hewani nilipokumbuka ni nani aliyekuwa golini. Mdogo wangu alikuwa amejishika kiuno, ananitazama.

Tulifungwa moja bila. Hata hivyo, kufika saa kumi na moja mji ulikuwa umeshasema kwamba nimewatilia wageni dawa ili mdogo wangu ashinde. Kama ni dawa, basi mganga nilikuwa mbovu. Mwenyekiti akaja nyumbani mwenyewe, gari likinguruma nje. Kicheko chote kilinitoka. Wakiondoka, nani tena angekubali kwamba nyumba hii ina mtu mzima?

"Wasichana, chukueni mabegi."

Namba tisa alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitinda mimba wetu akimsuka. Upande mmoja ulikuwa umeisha, mwingine umesimama kama kichaka.

"Nyabo mwalimu," alisema, "nitoke nje na nusu kichwa?"

"Utamalizia huko."

"Huko hawajui mtindo huu. Na nyabo wetu ametuambia kosa lake yeye mwenyewe, hata hatujamuuliza. Ametupikia uji wa chumvi. Tumepona. Tumewafunga. Tunahamia wapi?"

Beki akaanza kucheka. Mdogo wangu akanung'unika kwamba hilo la kufungwa si lazima litajwe, naye akacheka. Mwalimu alijitahidi kukaza uso. Alimwambia dereva azime gari, akakaa kwenye kiti kungoja nywele ziishe. Ziliisha, na chai ikawa tayari, na chapati. Alikula tatu. Aliposimama, hakuyatazama mabegi.

"Kesho wageni wako wawe uwanjani saa mbili, mwenye nyumba," aliniambia. "Usiwacheleweshe."

Nikamsindikiza mpaka kwenye gari kwa hatua za mtu mzima. Lilipokata kona, nilikunja rinda nikarudi ndani mbio.