Mwanamke Aliyekataa Kupumzishwa

Habari za msiba zilinikuta Mwaya, nyumbani kwa mama yangu mzazi, mahali ambapo kwa siku kadhaa sasa haingii mtu wala hatoki. Mto umevunja kingo na kuingia migombani, na barabara ya kwenda Kyela mjini imezama. Aliyenipigia simu alikuwa mtoto wa marehemu, rafiki yangu wa Kyela mjini, kijana wake wa kiume ambaye sasa ndiye anayeliendesha duka lake. "Shangazi, mama ametutangulia," alisema. "Ni baada ya swala ya alfajiri. Tunamzika leo leo, adhuhuri." Nikamwambia nakuja. Kisha nikatoka barazani, nikayatazama maji yaliyoufunika mpunga wote hadi kwa jirani, nikajua nimeahidi nisiloliweza. Wenzetu Waislamu hawamcheleweshi maiti. Kaka yangu alikwenda kuulizia mtumbwi, akarudi na jibu kwamba mkondo pale darajani unapindua, na mwenye mtumbwi ana watoto wa kulea. Adhuhuri ilipofika mwenzangu alizikwa, mimi nikiwa nimekaa juu ya gunia la kakao, nimeshajifunga khanga ya msibani, sina pa kwenda.

Wasomaji wangu wa Kyela wengi walimwona mama huyu bila kujua habari zake. Ndiye yule mwenye duka la vitambaa, mama wa asili ya pwani, aliyekuwa akipita barabarani asubuhi amevaa baibui jeusi na raba nyeupe. Mimi nilimwita dada, yeye aliniita mdogo wangu. Alipofiwa na mumewe alikaa eda kama dini yake inavyomwelekeza, katika chumba cha nyuma ya duka, na siku ya kutoka alitarajia kuona dunia imepanuka. Haikupanuka. "Kabla ya eda nilikuwa natoka kitandani naenda kaunta, natoka kaunta narudi kitandani," aliniambia. "Katika eda nikabaki kitandani. Kumbe, mdogo wangu, tofauti ilikuwa hatua zile za kufika kaunta tu." Miaka yote ya ndoa yake aliishi hivyo na hakuna aliyemfungia. Sasa akienda sokoni ilimlazimu asimame njiani atafute pumzi. Zahanati walimpima wakamkuta na sukari, nesi akamwambia awe anatembea. Akauliza kwa unyofu kabisa, "Kwenda wapi?"

Asubuhi ya kwanza alishika njia ya Ngonga kwa sababu ndiyo aliyokutana nayo. Huko akamkuta mama mmoja akipalilia mpunga. "Mugonile, mama," yule mkulima alimsalimu. "Kuna msiba huko uendako?" Akajibu kwamba hakuna. "Mgonjwa?" Hakuna. "Sasa unakwenda wapi?" Akasema natembea tu. Mama wa watu aliuegemea mpini wa jembe, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Kama miguu inakuwasha, shuka huku. Palizi ipo." Mwenye duka akavua raba, akapandisha baibui, akashuka matopeni. Alipalilia hadi viganja vikatoka malengelenge, na alipoaga mkulima alimwambia "ndaga fijo", asante sana, bado anacheka. Urafiki wao ulianzia hapo ukadumu hadi mwisho. Lakini swali la yule mama lilikuwa la haki. Kwetu anayetembea ana jembe, ana mzigo kichwani, au ana msiba. Anayetembea mikono mitupu anatiliwa shaka.

Nilianza kufuatana naye kwa ajili ya safu hii, nikitafuta cha kuandika, nikaendelea kwa sababu nilikuwa nalala vizuri zaidi. Kila majira alikuwa na njia yake. Mvua zikikolea tulishika barabara zilizoinuliwa, miavuli mkononi. Kakao ikianikwa tulikwenda Makwale, nguo zetu zikarudi na harufu ile kali ya mbegu zilizovundikwa. Na kiangazi tulipanda gari la Matema, tukaingia katika korongo mojawapo linaloshuka kutoka milima ya Ukinga hadi ziwani. Ukiingia humo unasahau ziwa. Kuta za mwamba zinapanda kushoto na kulia, mbingu inabaki kama kipande cha kitambaa kilichokatwa, na kijito kinapita miguuni, cha baridi, cha kuruka kwa hatua moja. Yeye alipapenda kuliko popote. Aliniambia kwamba maisha yake yote alikaa kati ya kuta mbili, lakini hizi za mawe zina njia ya kwenda mbele.

Siku tuliyopatwa na balaa, kiangazi kilikuwa kimekwisha na sisi tukajidanganya kwamba bado. Pale Matema jua lilikuwa linawaka na ziwa limetulia. Tulipanda korongo hadi karibu na maporomoko, tukala mihogo yetu, na tulipoanza kurudi nikasikia mngurumo nikadhani ni lori. Korongoni hakuna lori. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu Ukingani, sisi hatukupata hata tone. Alinishika mkono akanivuta juu ya jiwe, kutoka jiwe hilo tukakwea kwenye ukingo wa mwamba usiozidi upana wa kitanda, na maji yakafika, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo. Jiwe tulilotoka likapotea. Nyuma yetu ukuta, mbele yetu maji, na kelele zake zilikuwa kubwa kiasi kwamba kila neno ilibidi lipigiwe ukelele.

Nililia, sioni haya kusema. Nilimwambia tutakufa. "Inawezekana," alijibu, na midomo ilimtetemeka, kwa hiyo nikajua haigizi ushujaa. "Lakini usikae chini. Ukikaa, miguu itakufa ganzi, na yakipungua hutaweza kushuka. Simama ukanyage." Basi tulikanyaga. Wanawake wawili wazima, tumeloa, tumeshikana viuno, tunapiga hatua pale pale kwenye mwamba kama tunacheza ngoma isiyo na wapigaji. Alisoma dua zake kwa sauti, mimi nikaimba pambio za kwetu, na mmoja akichoka mwenzake alimminya. Katikati ya hayo akaniuliza, "Unajua ninachoogopa zaidi?" Nikasema kufa. "Hapana. Naogopa tukitoka salama, mwanangu hataniachia tena nitoke."

Alasiri maji yakaanza kushuka. Tuliteremka jiwe kwa jiwe, tumeshikana mikono, na karibu kabisa na mdomo wa korongo, wakati tulishaona miti ya ufukweni, mguu wake uliteleza ukabanwa kati ya mawe. Ngozi ilichubuka tu. Wavuvi waliotuona walitupokea kwa moto na uji, tukacheka sana jioni ile, tukiamini yamekwisha. Kwa mwenye sukari, mguu uliochubuka si jambo dogo. Kidonda kilikataa kupona, kikaingia ndani, na hospitalini wakamkata vidole viwili ili waokoe mguu.

Kijana wake hakunigombeza. Aliniambia kwa adabu, "Shangazi, huyu ndiye mzazi pekee niliyebaki naye." Aliweka kufuli kwenye geti la uani, akauchukua ufunguo. Alimletea mama yake televisheni, mto mzuri wa kuegemea, na binti wa kazi wa kumpa maji na dawa. Kila nilipofika nilimkuta mahali palepale, miguu juu ya stuli, amenenepa uso, jicho lake likiwa kwenye geti. Majirani walimsifu kijana, na mimi siwezi kusema walikosea, maana hofu yake ilikuwa ya kweli. Mama yake alinusurika kufa na vidole vilikuwa havirudi. "Mwache apumzike," kila mtu alisema. Neno hilo nililisikia mara nyingi hadi likaanza kunitisha. Wafu ndio tunaowaombea wapumzike.

Siku moja nilikuwepo mchana wakati kijana alipokuja kula. Mama yake alimwita kwa upole akamwomba ufunguo. "Mama, tumeshaongea hili." "Tumeongea. Ulisema wewe, nikasikiliza mimi." "Daktari kasema ulinde mguu." "Daktari kasema niulinde, hakusema niuzike." Kijana akaweka kijiko chini. "Unataka ukafie korongoni watu waniulize nilikuwa wapi?" Mama akasema, bila kupandisha sauti: "Baba yako alifia dukani, amekaa kwenye kiti ambacho wewe unakikalia kila siku. Wateja walidhani amesinzia. Kwenye mvua hakwenda, korongoni hakwenda, hakuwahi kuteleza hata siku moja. Je, kuna mtu aliniuliza nilikuwa wapi? Nilikuwa palepale, namkatia mteja mita tatu za kanzu."

Televisheni iliendelea kuongea peke yake. Kijana aliinuka akaenda dukani bila kumaliza chakula. Nilidhani ameudhika, nami nikaaga. Asubuhi yake nilipita kuwajulia hali nikakuta geti liko wazi. Walikuwa barabarani, yeye na mama yake, wanakwenda polepole kuelekea mashambani, mama ana fimbo na viatu alivyokuwa ameshonewa na fundi baada ya hospitali kwa kipimo cha ule mguu, na kijana ameshika mwavuli. Duka lilikuwa limefungwa saa ambayo maduka yote yamefunguliwa. Ikawa hivyo kila asubuhi. Korongoni hakurudi tena, wala hakuomba; njia ya kwenda na kurudi, kwa mwendo wa mguu ule, ilimtosha.

Nimekuwa nikifikiri, hapa nilipozingirwa, jinsi tulivyobadilika pasipo kujiona. Bibi zetu walitembea kwa sababu hawakuwa na namna nyingine, na tulipoipata tukaamua kwamba kutembea ni alama ya dhiki. Siku hizi pikipiki inasubiri mlangoni hata kwa safari ya kwenda kwa jirani. Mwenye kipato anakaa. Akizidi kupata, anakaa kwenye kiti laini zaidi. Akizeeka, watoto wake wanamwonyesha upendo kwa kumzuia asiinuke. Wahenga waliosema heri mtembea bure kuliko mkaa bure walimsema mvivu, lakini leo wanaokaa bure wengi si wavivu. Wamekalishwa. Wamekalishwa na kazi, na heshima, na mapenzi ya watu wao, na minyororo ya aina hiyo ni migumu kuikata kwa sababu aliyeifunga analia akiifunga.

Jioni ya msiba kijana alinipigia tena. Nilimwomba radhi kwa kutofika, akasema anajua, maji yanajulikana. Akaniambia kwamba siku iliyotangulia kifo mvua ilizidi, akamshauri mama yake wabaki ndani, na mama akakubali bila ubishi. Walikaa pamoja dirishani, wakaangalia barabara inavyojaa. "Shangazi," aliniuliza, "ile miezi niliyofunga geti, unadhani nilimpunguzia siku?" Nikamwambia sijui, na kweli sijui. Nikamwambia ninachokijua: kwamba tangu lile geti lilipofunguliwa, mama yake hakuwahi kulizungumzia tena kufuli, ila alizungumza sana juu ya mwenzake wa asubuhi, na alipomtaja sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisifia. Alilia, nikamwacha alie.

Sitaki kumaliza kwa kuwaambia watu wawapeleke wazazi wao kwenye makorongo. Mto hauna huruma, na kidonda cha mwenye sukari hakina mzaha. Yule kijana aliogopa jambo la kuogopwa. Kosa letu ni kudhani kwamba tukiufunga mlango tumeiondoa na hatari, kumbe nyingine tumeifungia ndani pamoja na mtu wetu. Kuna ulinzi wa kusimama getini na ufunguo, na kuna ulinzi wa kwenda bega kwa bega, na huu wa pili ndio mgumu, maana unagharimu asubuhi yako. Mzee wako akiomba viatu vyake, mpe. Kisha vaa vya kwako.