Kipa wa Muleba na Chumba cha Kaka Zangu

Sisi tuliokulia Hamugembe wakati wa Mwingereza, mpira wetu ulikuwa wa majani makavu ya mgomba, umekazwa kwa kamba mpaka ukawa mgumu kama gogo. Ukilowa mvua, ukiupiga unalia wewe. Watoto wa siku hizi wakikosa viatu vya mpira wanasema miguu inauma. Yetu iliuma kweli, na mama akikuona unachechemea alikuongezea kazi ya kuchota maji ili upate akili.

Mimi ni mwanamke, lakini mpira niliupenda kuliko wavulana wengi. Niliurithi kwa Taata, baba yangu, aliyekuwa mzee wa timu ya Hamugembe. Kila Jumapili ibada ya Kilutheri ikiisha, tulipanda hadi kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo wazi nyuma ya migomba, palipochimbiwa magoli ya mikaratusi. Zamani tulikuwa tunakwenda na kaka zangu wawili, mmoja akinibeba mabegani. Kisha wakapanda lori kwenda Kampala kutafuta maisha, kama vijana wengi wa Kihaya wakati ule, na wakanyamaza moja kwa moja. Nyumba ikawa kimya kiasi kwamba wakati wa kula niliweza kumsikia mama akitafuna. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, ingawa wakati huo sikujua kwamba hali ile ina jina.

Timu nayo ilikuwa na msiba wake. Kipa wetu alikuwa mwashi mmoja, mtu mkarimu sana, na ukarimu huo akauhamishia golini. Watu walisema akiuona mpira anaukaribisha ndani. Basi habari zilipotufikia kwamba Muleba kuna kijana anaitwa Kaijage ambaye hapitishi kitu, Taata alisema, "Huyo tutamleta. Atakaa kwetu, chumba kipo."

Wenzangu walimtaka Kaijage golini. Mimi nilimtaka nyumbani. Nilitaka mtu wa kuniita nimpelekee maji, wa kunitania, wa kugombania naye ukoko wa chungu. Nilikata nyasi mbichi nikazitandaza katika chumba cha kaka zangu, kama tulivyotandaza nyumba zetu anapokuja mgeni wa heshima. Nikamwekea senene wa kukaanga kwenye jani la mgomba. Mama akanitazama, akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo. Kula." Sikula.

Taata akapanda lori la kahawa kwenda Muleba na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Siku hizo mchezaji hakusaini mahali. Aliombwa kwa baba yake, kama binti anavyoposwa. Baba yake Kaijage alikuwa mkulima Mkatoliki, mjane, na Kaijage ndiye mtoto wake pekee. Walitafuna kahawa, wakanywa, wakacheka, lakini kila Taata alipoligusa suala la kipa, mzee yule alihamia kwenye habari za mvua. Hapo Taata akajiona mjanja. Akamwomba wale omukago, ule undugu wetu wa damu.

Mnaoujua mnajua. Tunda moja la kahawa lina mbegu mbili. Kila mmoja anachanjwa karibu na kitovu, anapaka damu yake kwenye mbegu moja, na mwenzake anaila. Mkishakula mmekuwa ndugu kuliko wa tumbo moja, na ndugu wa omukago akikuomba kitu humnyimi. Taata alipanga alale, aamke, aombe kipa wake kwa raha zake.

Mzee yule hakungoja kukuche. Taata hata hajameza vizuri, akamwambia, "Ndugu yangu, sasa nina ombi. Niachie mwanangu. Nina huyu tu."

Taata alirudi na kibuyu kitupu. Wachezaji walimsema wiki nzima, wakidai mzee wao alikwenda kuposa akarudi na shemeji. Kanisani nako hawakufurahia habari za kuchanjana. Jioni moja nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuomba yeye kwanza. Akasema, "Alipotamka 'huyu tu', niliwakumbuka kaka zako. Hata ningewahi mimi, mwana wange, nisingeweza."

Baadaye Muleba walikuja kucheza na sisi. Kaijage alidaka kila kitu, hata mashuti ambayo sisi tulikwisha kuyashangilia, na tukafungwa. Mechi ilipokwisha alikuja nyumbani bila kualikwa, maana kwa omukago nyumba yetu ilikuwa yake. Aliinama kupita mlangoni, akala ndizi zetu, akayacheka masikio yangu, akaniita dada. Nilifurahi mpaka chakula kikanishinda. Lori lao lilipopiga honi, nilimshika shati nikamwambia abaki. Akachuchumaa mbele yangu.

"Na mzee wetu wa Muleba nitamwachia nani?"

Nilimwachia shati, akaenda. Nililia, na mama hakunipa kazi yoyote siku ile.

Siku hizi makipa wanakuja kwa ndege. Juzi mjukuu wangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam, furaha tele, timu yake imempata kipa hodari kutoka ng'ambo. Alinieleza urefu wake, mkono anaoupendelea, hadi chakula anachokula asubuhi. Hajawahi kumwona, lakini anamjua kuliko anavyowajua shangazi zake. Enzi zetu kumjua kipa ni kumwona akila. Nikamuuliza huyo mgeni atakaa kwa nani. Akacheka sana. "Bibi, hotelini."

Nilimhurumia kijana wa watu, kula hotelini peke yake. Kisha nikamwambia mjukuu wangu kwamba hapa Hamugembe chumba kipo, likizo hii aje, hata kwa siku chache, anisimulie vizuri.

"Bibi, mtandao unakata," akasema, "sikusikii."

Mimi nilikuwa namsikia vizuri kabisa.