Gitaa Jikoni kwa Jirani

Tulihamia ng'ambo, Stratford, miaka michache baada ya mapinduzi ya Zanzibar, mimi, mume wangu na mtoto mchanga. Mume wangu alipata kazi ya udereva wa basi, nami nikawa nashinda ndani nikisikiliza gitaa la jirani kupitia ukutani. Alikuwa mjane wa Kimarekani, mtu wa milimani, na alizipiga nyimbo za wazee wake: za wachimba makaa, za reli, za watu waliokwenda mbali na makwao. Kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi nene taratibu, na vidole vingine vikichezacheza juu yake.

Siku moja nilimgongea mlango. Alidhani nimekwenda kulalamikia kelele.

"Nitapunguza," alisema.

"La, nimekuja kukuomba usogee karibu na ukuta," nikamwambia. "Mtoto halali usipopiga."

Alicheka, akanikaribisha ndani, akanipakatisha gitaa lake. Tangu hapo nikawa naenda kwake kila Jumanne. Vidole viliniuma hata kushika sufuria ikawa tabu, kisha vikaota sugu. Jioni moja mume wangu alinikuta nafanya mazoezi kwenye ubao wa kukatia mboga, nimeuchora mistari sita kwa penseli.

"Basi na tutafute gitaa," akasema. Akalipata kwa mwenzake wa kazini.

Mwaka wa pili jirani aliniambia kuwa wenzake hukutana kila mwezi kupiga pamoja, na kwamba sasa naweza kwenda. Akanipa anwani. Nilifika na gitaa mgongoni, nikakuta ni chumba cha juu cha baa. Nilisimama nje kwenye baridi, harufu ya bia ikinijia kila mlango ulipofunguliwa. Sikulelewa kuingia mahali kama pale. Nikarudi nyumbani, na kesho yake nikamwambia kichwa kiliniuma.

"Pole," alisema. Alinitazama kidogo, kisha akabandika birika.

Mwezi uliofuata alinigongea yeye. "Tumehama baa," akasema. "Tunakutana jikoni kwangu."

Walikuja watu tisa, wengine wakakaa sakafuni. Mimi nilipeleka mandazi. Zamu yangu ilipofika, nilipotea katikati ya wimbo. Mzee mmoja mwenye banjo hakuniangalia. Alirudia tu pale nilipopotelea, akarudia tena, mpaka nikamfikia, tukamaliza pamoja.

Tulikutana jikoni mle miaka kumi na moja, hadi jirani yangu aliporejea kwao. Siku tuliyomsindikiza, nilirudi kwa basi pamoja na yule mzee. Nikamuuliza kwa nini walihama baa, hali jikoni tulikuwa tukibanana.

"Magoti yake," akasema. "Alituambia hawezi tena kupanda zile ngazi."

"Lakini alikuwa akikaa ghorofa ya tatu, na lifti hakuna."

"Hilo tuliliona sote," akajibu, "tulipokuwa tunapanda kwake."

Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza neno, wala kunifanya nijione mzigo. Jioni ile nilimwandikia jirani yangu barua ya kurasa mbili, shukrani tupu. Ya magoti sikuyataja.