Bwawa la Wageni

Bondeni kwetu, mtaa wa Wazo, kaka yangu, fundi wa kuchomelea, alifunga gurudumu lenye mapanga ya bati katikati ya mapipa mawili, akaliweka lielee mtoni. Mkondo ukilisukuma, linazunguka, betri inajaa, taa za njia ya bondeni zinawaka. Hakuna maji yaliyozuiwa.

Kingo ya mto pale ni ya jirani yetu, mama anayelima mchicha na kuishi kwa mchicha huo. Alikubali kamba zifungwe kwenye mnazi wake kwa sharti moja.

"Mwanangu, maji yangu yasisimame."

Kaka akamwapia.

Mwenyekiti wa mtaa aliposikia kuna wageni wakubwa wanakuja kuangalia umeme huo, akashuka bondeni.

"Bwawa liko wapi?"

"Hakuna, mzee. Hii inasukumwa na mkondo tu."

"Umeme wa maji bila bwawa? Braza, unataka tuchekwe? Watasema tumewaita kuangalia pangaboi!"

Tulidhani utani. Kaka alipokwenda kazini, vijana wa mwenyekiti wakapanga viroba vya mchanga toka ng'ambo hadi ng'ambo, chini kidogo ya gurudumu. Maji yakapanda, yakatulia kama ya kwenye karai. Gurudumu likasimama. Matuta ya mama yakazama, na mchicha uliokaribia kuvunwa ukalala kwenye tope. Kaka aliporudi akataka kuviondoa, wakamzuia: eti amri.

Wageni wakaja. Wakapiga picha bwawani, wakasifu. Mmoja akauliza mbona mashine haizunguki.

"Imegoma kidogo," mwenyekiti akajibu, akimtazama kaka kana kwamba yeye ndiye kaiharibu.

"Haijagoma," nikasema. "Mmeifunga breki."

Wakacheka, wakapanda gari lao.

Mama alikuwa amesimama kwenye matuta yake, maji magotini.

"Uliniapia," alimwambia kaka.

"Si mie, mama. Ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti sikumpa kingo. Nilikupa wewe. Toa dude lako."

Nilichukua panga nikaanza kupasua viroba. Mwenyekiti akapiga kelele kutoka juu kwamba niache, wageni watarudi. Nikapasua kingine. Mchanga ukamwagika, maji yakapata njia, gurudumu likaanza kuzunguka. Mama hakuligeukia, alikuwa ameinama, anang'oa mchicha uliokufa. Kaka akafungua kamba kwenye mnazi, akaanza kulivuta nchi kavu.