Somo Aliyemfunza Dada Yangu Kutolala

Dada yangu alikufa Sur, huku kwetu Oman, usingizini, chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Hospitali walisema moyo. Mie nasema shangazi.

Sijasoma sana, lakini nilikuwapo. Tangu wasichana, hapa Ibra, mie na dada tulikuwa tukikoroma. Alipoposwa, shangazi akawa somo wake. Akamfunza kusinga, akamfunza kufukiza udi, kisha akamwambia, "Na usilale kabla yake, mwanangu. Mngoje asinzie kwanza. Mwanamke akikoroma mume hukimbia."

Dada akacheka. "Na nikipitiwa?"

"Ukipitiwa utarudi hapa na sanduku lako."

Hakucheka tena. Akawa anangoja. Alipochoka kungoja akahamia chumba cha nyuma, akisingizia watoto, na mume hata hakuuliza. Huyo naye simwachi. Alimwona mkewe akisinzia mkononi ana ungo wa mchele, alimsikia kila asubuhi akilalamika kichwa, na bado akamcheka mbele ya wageni: "Huyu wangu kazi yake kulala!" Kumbe mwenzake hakuwa akilala. Pumzi ilikuwa ikimkatika, na hapakuwa na mtu wa kusikia.

Nimeyajuaje? Yalinifika mie. Baada ya maziko nilimchukua binti wa dada akae nami. Ndiye aliyeniambia, "Mama mdogo, unakoroma, mara unanyamaza kabisa, hupumui, halafu unashtuka kama mtu aliyezama. Naogopa." Akanipeleka Nizwa. Daktari akamsikiliza yeye kuliko mie. Nikalazwa na nyaya kichwani na kifuani, nikarudi na mashine ya kusukuma hewa na barakoa yake ya puani. Njiani nililia. Dada alihitaji mtu mmoja tu wa kulala karibu naye.

Binti naye alikuwa akikoroma vile vile. Nikampeleka, akapimwa, akapewa mashine yake.

Ikaja posa kutoka Al Kamil. Shangazi, mzee sasa lakini ulimi ule ule, akaingia chumbani kwa binti. "Hiyo mashine itie kabatini. Ukishazaa ndipo useme."

Binti akanitazama. "Si neno, mama mdogo. Nitamngoja alale kwanza."

Nikatoka kwenda ukumbini walikokaa wageni wa posa, mama wa bwana harusi ameshika kikombe cha kahawa. Nikamwambia, "Bibi, binti yetu pumzi humkatika usingizini. Atakuja na mashine yake, na mwanao ajue kuiwasha."

"Umetufedhehesha!" shangazi akapiga kelele. "Hasidi wee!"

Mgeni akamaliza kahawa, akatikisa kikombe kwamba yamtosha, akaaga kwa adabu. Hawakurudi.

Shangazi anaeneza kwamba mie ndiye niliyemvunjia mtoto ndoa. Naam, ni mie. Binti ananipa shikamoo yake ya asubuhi, ananiwekea chai, basi. Zaidi ya hapo hanisemeshi. Hana mama, na sasa hana mchumba, na mtu wa kumlaumu yuko mlango wa pili.

Milango yetu inatazamana, naiacha wazi. Akishapanda kitandani natega sikio mpaka mashine yake ianze kuvuma na pumzi zake zitulie. Ndipo navaa barakoa yangu. Sasa mie ndiye ningojaye mwenzangu alale kwanza.